Alichosema Mwalimu Kuhusu Shimo Jeusi

Wiki mbili zilizopita binti yangu alinijia jikoni na simu yangu mkononi. Alikuwa amepewa kazi shuleni: atafute picha ya kitu cha angani, aieleze kwa maneno yake. Akanionyesha duara la rangi ya chungwa, limefifia pembeni kama moto unaoonekana nyuma ya moshi, na katikati yake giza tupu.

"Mama, hili ni shimo jeusi. Wamelipiga picha kabisa, si mchoro. Wewe unalijua?"

Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikamwambia silijui, akamwulize baba yake.

Nalijua. Nimelijua tangu nikiwa na miaka kumi na moja huko Bwera, upande wa Uganda wa mpaka na Kongo, na aliyenifundisha alinifundisha vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele yangu na chaki. Tangu siku ile ya vitunguu sijatulia. Hapa Kasese nina majirani wema, nina mume msikivu, lakini jambo hili sijawahi kumsimulia hata mmoja wao mpaka mwisho. Basi kaa, nikueleze wewe.

Bibi yetu alikuwa na nyumba ya matofali kando ya barabara iendayo mpakani, pale malori yalipoanza kupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Kongo. Baba alikuwa dereva wa lori mojawapo. Mama alikuwa hapa Kasese akiuza nguo. Sisi watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, tulilelewa na Bibi. Tuliamshwa na adhana, kisha breki za malori zikipumua moja baada ya nyingine, na Jumapili ngoma za kanisa la mlimani ziliungana nazo. Baridi ya Rwenzori ilikuwa ikiteremka alfajiri na kukaa uani kama mgeni asiyejua kuaga, mpaka jua lipande.

Msimu wa kahawa ua wote uligeuka mikeka. Tulianika kahawa na maganda yake, ile tunayoiita kiboko, na kazi yangu ilikuwa kuigeuza kwa miguu: unaburuta nyayo polepole kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, unaacha mistari, unarudi. Hata leo nikipita mbele ya ghala la kahawa nyayo zangu zinakumbuka joto la punje zile. Mchana tulikula bundu, ugali wetu wa muhogo unaonata vidoleni, kwa sombe, yaani kisamvu, au kwa samaki wa chumvi. Bibi hakupenda masalio. "Nionyeshe sahani," alikuwa akisema, "nataka kuona kama sura yangu iko ndani." Nasi tulipangusa sahani hadi ikang'aa, na yeye akajitazama kweli, akarekebisha mtandio wake, tukacheka.

Mdogo wangu alikuwa na miaka mitano na alinifuata kila mahali. Nikienda kisimani yumo. Nikienda dukani yumo. Nikikaa kusoma anakaa pembeni yangu akigeuza kurasa za daftari tupu, midomo ikitembea kama anayesoma. Siku hizo nilimwona mzigo. Naomba usinihukumu haraka kwa hilo, kwa sababu yako mengine yanakuja.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mwanamke kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Alikuwa amesoma fizikia miaka miwili katika chuo kikuu cha kwao, kisha vita vikamkatiza. Shule yetu ilikuwa ndogo, ya wazazi, kuta za mbao na bati lililochoka, na mkuu wa shule alimwajiri kwa sababu hakumpata mwingine aliyekubali kubaki zaidi ya muhula mmoja. Alipanga chumba nyuma ya shule. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye mwanya, na alivaa raba za kiume zilizopauka kwa vumbi la chaki. Baadhi ya wazazi walicheka Kiswahili chake. Sisi wenyewe cha kwetu hakikuwa cha kujivunia, tuliunganisha maneno tupendavyo na kukitia Kikonjo ndani, lakini chake kilikuwa kingine kabisa. Alituita "batoto." Tukipiga kelele alisema, "Muniangalie bien," yaani vizuri, bila kupandisha sauti, nasi tulinyamaza kuliko tulivyomnyamazia mwalimu wa fimbo.

Siku aliyotufundisha shimo jeusi ilikuwa asubuhi ya jua kali. Alivua kitenge alichojitanda mabegani, akawaita wanafunzi wanne washike pembe zake na kukivuta hadi kikakaza. Akachukua jiwe la mizani aliloazima kwa mnunuzi wa kahawa, akaliweka katikati. Kitenge kikabonyea. Kisha akatoa maharagwe mfukoni, akarusha moja kwa ubavu. Likazunguka jiwe mara moja, mara mbili, mara tatu, likikaribia kidogo kidogo.

"Kitenge ni mahali," alisema. "Hii jiwe ni nyota. Kitu nzito inainamisha mahali, na kitu kidogo inafuata ile njia yenye kuinama. Ni vile dunia iko inazunguka jua. Muko munaona?"

Tuliona. Hata wale wa nyuma walisimama juu ya mabenchi.

Halafu akatueleza jinsi nyota kubwa inavyokufa. Maisha yake yote, alisema, nyota inapigana na uzito wake yenyewe: uzito unavuta kwenda ndani, moto unasukuma kwenda nje. Siku moto unapokwisha, uzito unashinda. Nyota kubwa mno inajikunja, inajikunja, mpaka inakuwa kitu kidogo kabisa chenye uzito wa kutisha. Alikunja ngumi yake taratibu alipokuwa akisema hivyo, na nakumbuka mishipa ya mkono wake ilivyosimama.

"Kwetu tunaita trou noir. Shimo nyeusi. Lakini si shimo kweli, batoto. Ni kitu. Iko na mpaka yake. Ukivuka ile mpaka hurudi. Hata mwangaza, yenye mbio kupita vitu yote, ikivuka hairudi. Ndiyo maana iko nyeusi."

Sisi tulikuwa watoto wa mpakani. Mtu mmoja akauliza, "Mwalimu, hata ukiwa na karatasi zako zote?"

Alicheka hadi mwanya ukaonekana wote. "Hata na karatasi zote na muhuri."

Mwingine akauliza kwa sauti ya woga kama litakuja kutumeza. Hapo mwalimu aliacha kucheka. Alitembea katikati ya mabenchi, akasema taratibu ili kila mtu asikie: "Hapana. Hii muweke ku kichwa. Shimo nyeusi haitembei kutafuta watu. Haivute kila kitu kama fagio. Iko mbali, mbali kupita jua, mbali kupita nyota yenye munaona. Hata jua yetu ikigeuka shimo nyeusi na uzito ile ile, dunia ingeendelea kuzunguka tu. Tungekosa mwangaza, tungepata baridi, lakini haingetumeza. Na jua yetu haiwezi kugeuka, iko kidogo sana."

Nami nikanyoosha mkono. Sijui swali lilitoka wapi. Niliuliza kama mtu akianguka mle, sisi tuliobaki mbali tukimtazama tutaona nini.

Mwalimu alinigeukia. "Hiyo ni swali," alisema. Kisha akatueleza kwamba tutamwona akienda polepole, polepole zaidi, kwa kuwa karibu na ule mpaka muda wenyewe unakokota miguu ukilinganishwa na wetu. Mwanga wake utageuka mwekundu, utafifia, na hatutamwona akivuka kamwe. Kwetu sisi ni kama amesimama mlangoni. Lakini yeye kwa upande wake alishapita zamani.

Breki za lori zilipumua kule barabarani, hakuna aliyegeuka. Nilirudi nyumbani siku hiyo kichwa kikiwa juu. Tuliandika lile jina la Kifaransa kama tulivyolisikia, "tru nuwari," na mimi nikalipigia mstari mara mbili.

Siku tatu baadaye, alasiri, nilikuwa narukaruka kamba na wenzangu wawili mbele ya nyumba. Ilikuwa zamu yangu na nilikuwa sijakosea bado. Mdogo wangu akaja, akasimama, akaniambia anataka kwenda chooni. Choo chetu kilikuwa nyuma ya migomba, cha shimo, na hakupenda kwenda peke yake. Ilikuwa desturi nisimame mlangoni nimwimbie ili ajue nipo.

"Nenda mwenyewe," nikamwambia.

"Naogopa."

"Nenda!"

Akanivuta gauni. Kamba ikanifunga miguuni, wenzangu wakapiga kelele kwamba nimetoka. Niligeuka kwa hasira nikamwambia maneno ambayo nayakumbuka moja moja: "Unajua lile shimo jeusi mwalimu alilotufundisha? Liko mle chini. Linakula watoto wanaotaka kusindikizwa."

Hakulia. Aliachia gauni langu, akarudi ndani. Wenzangu walicheka, nami nikacheka, tukaanza upya.

Siku ile hakwenda chooni. Wala kesho yake. Mwanzoni hakuna aliyejua; mtoto wa miaka mitano hana anayemhesabia safari zake. Siku ya tatu aliacha kula. Bibi akamponda papai, akalikataa. Akampa mafuta ya nyonyo, akatapika. Siku ya nne tumbo lilikuwa gumu kama ngoma na mwili unachoma, na Bibi akamfunga mgongoni, akapanda pikipiki kwenda hospitali bila kuvaa viatu. Nilibaki na kahawa. Niliigeuza mara nyingi sana siku ile, hata isiyohitaji kugeuzwa.

Walimlaza siku tatu. Huko hospitalini muuguzi alipomwuliza kwa upole kwa nini alijizuia, alijibu, "Shimo litanikula." Bibi akarudi na neno hilo. Alinikuta nikichambua maharagwe, akasimama mbele yangu, fimbo ya kuchungia mbuzi mkononi. Sijawahi kumwona vile. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nani alisema shimo inakula watoto? Nani?"

Niliitazama fimbo. Nikasema, "Mwalimu."

Ni neno moja tu, na lilinitoka kwa urahisi wa kutisha. Bibi akashusha fimbo. Akakaa chini kwenye mkeka, akaanza kumwita Mungu.

Ingeweza kuishia hapo. Lakini wale wenzangu wa kamba nao walikuwa na wadogo zao, na maneno yalishasambaa. Watoto watatu, wanne, hapo mtaani walikuwa wakijisaidia nyuma ya nyumba kwa kuogopa choo. Wazazi wakaanza kusema kwamba yule mwanamke wa ng'ambo anawafundisha watoto wetu habari za shimo la kula watu. Mwingine akaongeza kwamba kasema jua litamezwa mwaka huu. Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande, akasema hatukumaliza vita vyetu ili watu waje kututisha kwa maneno. Hakuwa mtu mbaya. Alitusaidia sisi na Bibi mara nyingi. Ila alipenda mambo yaishe upesi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, katika darasa letu lenyewe la tano. Wazazi walijibana kwenye mabenchi ya watoto, magoti juu; wenzangu wa darasa waliachwa nyumbani. Mkuu wa shule alikaa pembeni akipangusa miwani yake. Alijua wazazi wakiwatoa watoto wachache tu shule inafungwa. Mdogo wangu alikuwa ametoka hospitali siku iliyotangulia, mgongoni kwa Bibi, mwepesi kama kikapu kitupu. Mwalimu alisimama karibu na ubao. Alipochukua chaki aanze kueleza, Afande akanyanyua mkono.

"Weka hiyo chini! Hatukukuja kusoma. Jibu swali. Ulisema iko shimo ya kula batu ama hukusema?"

"Nilisema iko shimo nyeusi ku mbingu," mwalimu akajibu. "Sikusema inakula mutoto. Muulize batoto."

Afande akanigeukia mimi, kwa sababu jina langu ndilo lililotajwa na wote. "Wewe! Kuja hapa. Simama sawasawa. Sema ukweli."

Nikasimama mbele. Mwalimu akachutama ili uso wake uwe sawa na wangu. Hakunishika. Kwao mtoto wa kike huitwa mama kwa mapenzi, na ndivyo alivyoniita.

"Mama, usiogope. Sema tu ile nilisema."

Rafiki yangu, nilikuwa na kila kitu kinywani. Nilikuwa na kitenge na jiwe na maharagwe. Nilikuwa na "haitembei kutafuta watu" neno kwa neno. Lakini nyuma ya bega la mwalimu nilimwona Bibi, na kichwa cha mdogo wangu kimelala mgongoni pake, na nikajua kwamba nikisema alichosema mwalimu, swali linalofuata litakuwa ni nani basi aliyesema lile lingine. Nikatazama raba zake.

"Alisema linakula watoto," nikasema.

Darasa likanguruma. Mkuu wa shule akaacha kupangusa miwani. Mwalimu alibaki amechutama kidogo, akinitazama, na usoni pake hapakuwa na hasira. Ilikuwa kama anatafuta kosa katika hesabu aliyoifanya mwenyewe. Halafu akasimama, akajipangusa chaki mikononi, akawaambia wazazi:

"Kama mutoto alisikia vile, basi ni mimi sikufundisha muzuri."

Wao walisikia kwamba amekiri. Mkuu wa shule, nadhani, alisikia kitu kingine, kwani alivaa miwani, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa mtu pekee mle ndani niliyejua hakika kwamba alifundisha vizuri. Hivyo ndivyo nilivyofikiri kwa miaka mingi.

Aliondoka Jumatatu asubuhi. Nilikuwa kwenye mikeka nikigeuza kahawa kabla ya shule, nikaona pikipiki inakuja na godoro limefungwa nyuma, sanduku la vitabu juu yake, na yeye amebanwa katikati. Nilitaka kukimbilia ndani, lakini alishaniona. Alimgusa dereva bega, pikipiki ikasimama. Akashuka, akaja hadi ukingoni mwa mkeka, asiukanyage.

"Ile swali yako ya mutu anaanguka," alisema, "ilikuwa swali muzuri sana. Usiache kuuliza."

Akanipa mkono kama anavyopewa mtu mzima. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Kisha akarudi akapanda, wakaenda zao kuelekea mtoni.

Sikuuliza tena. Kuanzia siku ile mpaka namaliza shule sikunyoosha mkono katika somo la sayansi hata mara moja. Aliyekuja baada yake alisoma kitabu kwa sauti kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, tukanakili.

Nilimwambia Bibi ukweli miezi minne baadaye, mvua zikiwa zimeanza. Tulikuwa wawili tu jikoni. Nilimwambia vyote, kamba, choo, hasira, mkutano. Alikuwa akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta hadi nikamaliza, halafu akaweka ungo chini. Nilingoja fimbo. Hadi leo natamani angenipiga. Alisema tu, "Soko ijayo tunavuka."

Siku ya soko alifunga maharagwe kilo tano kwenye kitambaa, akamshika kuku mwekundu mwenye mayai, tukavuka mto pamoja na wachuuzi. Tuliuliza nyumba hadi nyumba huko ng'ambo habari za mwalimu mrefu mwenye mwanya. Hatimaye mama mmoja mwenye nyumba alituonyesha chumba kitupu. Mwalimu alikaa hapo wiki tatu, mama yule alisema, akitafuta kazi, kisha akaondoka kuelekea Beni kwa sababu alisikia kuna shule. Barabara ya huko ilikuwa mbaya siku hizo, na sina maana ya matope, nina maana ya bunduki. Bibi akasimama mlangoni mwa chumba kile muda mrefu. Akampa mwenye nyumba maharagwe. Kuku tulirudi naye.

Jioni ile ile alikwenda kwa Afande, kisha kwa mkuu wa shule, akawaeleza. Afande akasema mambo imekwisha, Mama, tusirudie. Mkuu wa shule aliinamisha kichwa. Hakuna mkutano mwingine ulioitishwa.

Nimesoma kidogo kidogo tangu nilipokuwa mtu mzima, kwa siri kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani. Kila nilichosoma kilikuwa tayari kimesemwa katika darasa lile la mbao. Halitembei kutafuta watu. Kilicho mbali huzunguka tu. Lile giza la picha ya binti yangu ni kivuli, na pete ile ni mwanga wa vitu vya moto vinavyolizunguka. Ningeweza kumweleza haya yote siku ile, kitunguu hakijaungua bado.

Jumapili iliyopita nilimfuata mdogo wangu. Ameolewa Kahendero, kwenye Ziwa George, anakausha samaki kwa moshi. Nilimkuta akipanga sato kwenye wavu wa chuma, macho yake membamba kwa moshi, jirani yake akichochea moto upande wa pili. Nilimwambia nina jambo. Jirani alikuwa mtu wa adabu, akaenda kuongeza kuni mbali. Nikaanza. Miaka yote hiyo mimi na yeye hatukuwahi kulitaja, nami nilijiaminisha kwamba alikuwa mdogo mno, kwamba amesahau.

Alinisikiliza akigeuza samaki. Nilipofika kwenye mkutano akasema, "Mimi nilikuwa dirishani."

"Dirisha gani?"

"La darasa lako. Siku ya kitenge. Sisi wa chekechea tulikuwa tumetoka, nikaja kukungoja. Niliona jiwe. Nilimsikia akisema liko mbali, haliwezi kutufikia."

Nilishindwa kuelewa. "Sasa kama ulimsikia, uliogopa nini?"

Alinitazama kama ninayeuliza jambo la wazi. "Wewe ulisema liko chooni. Yeye alikuwa mwalimu tu. Wewe ulikuwa dada."

Moshi ukatugeukia, tukasogea wote wawili upande mmoja.

"Na siku ya mkutano?" nikauliza.

"Nilikuwa macho. Nilijua unadanganya. Hakuna aliyeniuliza."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anayenitajia bei ya samaki, kisha akanipa kipande nionje. Tukala tumesimama.

Ua wa Bibi siku hizi ni maegesho ya malori. Wamemwaga kokoto pale penye mikeka, na migomba imekatwa. Bibi tulimzika Karambi kwa ndugu zake. Shule ya mbao ilibomolewa, na nilipopita mwaka jana sikuweza hata kuonyesha kwa kidole ilikuwa imesimama wapi. Mwalimu sijui yuko wapi, wala kama yuko. Hayo yote nilishayalilia kwa zamu yake. Nilidhani nimemaliza orodha ya vilivyopotea.

Nilipokuwa nafunga mtandio niondoke, nikakumbuka kumwambia mdogo wangu asipeleke samaki Kasese kesho, kwa kuwa maji yamekata barabara kule karibu na Muhokya na mimi mwenyewe nimevuka kwa miguu, viatu mkononi.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka, akapaza sauti kumwita jirani yake penye kuni:

"Eti ni kweli barabara imekatika?"

"Mimi nitajuaje?" jirani akajibu. "Si dada yako ndiye ametoka huko?"

Mdogo wangu akacheka kidogo, akajifuta mikono. Akasema atampigia simu dereva mmoja wa pikipiki, ahakikishe.